Sentimita Tatu

Mimi ndiye niliyekichora kivuko cha Mtaa wa Lindenau,
pale Kassel, mbele ya duka la dawa,
kwa penseli ngumu na moyo mwepesi.
Niliushusha ukingo ukalingana na lami,
sufuri kamili, hata punje ya mchele isingejikwaa.

Asubuhi ya kwanza Ulf Niemann alikuja na kitimwendo chake,
akateremka, akavuka, akapanda,
akarudi tena, mara nne, bila shughuli yoyote ng'ambo,
kama mtu aliyerudishiwa ufunguo wa nyumba yake mwenyewe.
Nikajiambia: kazi imekwisha, nikale.

Jumanne, Roswitha Kehl alitoka dukani na dawa za mama yake.
Fimbo yake nyeupe iliiuliza njia: ukingo uko wapi?
Njia ikanyamaza.
Akaenda hatua moja, ya pili, ya tatu,
akidhani bado yuko kwa watu
kumbe yuko kwa magari.
Basi lilifunga breki, likapiga ukelele;
ndani, abiria wakaangukiana.

Hakuumia. Alikuja ofisini, kofia mkononi, akakataa kiti.
"Umeuchukua ukuta wangu," alisema.
"Wewe uliona kikwazo. Mimi nilikuwa naushika kwa mguu
unavyoshika reli ya ngazi gizani."

Kitabu cha kanuni kina jibu: sentimita tatu.
Upana wa vidole viwili vilivyobanana.
Suluhu ya watu walioketi.
Nikachora tatu.
Kwa Ulf, tatu ilikuwa kilima, mvua ikinyesha.
Kwa Roswitha, tatu ilikuwa mnong'ono.
Nilidhani nimewagawia haki nusu kwa nusu,
kumbe nimewagawia karaha.

Basi nikawaita wote wawili, usiku, barabara imelala,
pamoja na fundi Detlef, mbao zake na gunia la mchanga.
Tukaweka, tukaondoa. Tukaweka, tukaondoa.
Ulf alitukana kwa lahaja ya kwao.
Roswitha akasema, "Bwana wee, usinipunguzie ukuta wangu kwa haki yako."
"Nawe usinijengee mlima kwa yako."
Kimya. Kisha wakacheka, sijui nani alianza,
na Detlef, ambaye tangu jioni hakutia neno,
akakohoa:
"Kwani lazima wapite mlango mmoja?"

Ndipo hapo.
Kushoto, sufuri, na mbele yake vigae vya matuta
vinavyouambia unyayo: si hapa, mama, si hapa.
Kulia, sita, ukuta mzima,
na mifereji myembamba inayomchukua mtu toka mlangoni hadi nguzoni
ambako taa inagonga tik, tik, tik
kama mwenyeji anayeita: niko huku.
Mwoka mikate ilibidi ahamishe ubao wake wa bei.
Mpaka leo haniuzii mkate wa jana kwa nusu bei.

Nisiseme uongo, haikukamilika.
Januari mtambo wa theluji ulisukuma lundo lote
likakaa sawasawa juu ya sufuri.
Ulf alinipigia simu saa kumi na mbili alfajiri.
"Njoo na koleo," akakata.
Nilikwenda na koleo.

Nikiwa nafukua nilimwona mzee Ottokar Friese,
mikono yote miwili kwenye fremu yake ya kutembelea.
Taa ikawaka kijani. Akaanza.
Hakuwa na ugomvi na ukingo, wala na vigae.
Alikuwa katikati tu, akienda mwendo wake,
ilipogeuka nyekundu.
Magari yalimsubiri. Moja likapiga honi, fupi,
kama mtu anayekohoa mazishini.

Nikachomeka koleo thelujini, nikatoa saa.
Aliporudi na gazeti, nilihesabu kwa mdomo pia.

Sekunde kumi na moja ndizo nilizompa mimi.
Yeye alitumia kumi na tisa.